Amplifaya ya tyubu ya "fanya yote": dalili, chanzo na pa kuanzia

Wimbo wa pili, katikati ya kiitikio, sauti ya gitaa langu ilizama. Haikukatika, ilirudi nyuma tu, kama mtu anayeendelea kuongea huku akiingia chumba cha pili. Nikazicharaza nyuzi kwa nguvu, ikarudi. Dakika kumi baadaye ikazama tena. Nikafanya wanachofanya wengi wenye amplifaya za tyubu: nikalaumu tyubu. Nikanunua seti nzima, ndogo tano na kubwa mbili, nikabadilisha zote, na siku ya tatu sauti ikazama vilevile. Ubovu ulikuwa kwenye kipande cha bati kisichozidi ukucha, ndani ya soketi ya nyuma ambayo kwa mwaka mzima sikuwahi kuichomeka kitu.

Zile tyubu za zamani bado ziko kabatini, nzima kabisa. Mwongozo huu umetokana nazo.

Amplifaya ninayoizungumzia ni ya "fanya yote": chaneli mbili au tatu (safi, na chafu, yaani ile inayokuza sauti mpaka inapasuka), kila moja na geini yake, yaani nobu ya kiasi cha kukuza, lupu ya efekti (soketi mbili za nyuma za kupitishia sauti kwenye pedali, visanduku vya kubadilisha sauti), mwangwi wa springi, swichi ya mguu, swichi ya kupunguza wati. Tyubu, kwa msomaji mgeni, si ile ya baiskeli. Ni chupa ya kioo iliyonyonywa hewa, yenye waya unaowaka ndani, na ndiyo inayokuza sauti. Wengine huiita vali. Fender Champ ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa na tyubu tatu na nobu moja, ya voluma, basi. Ikiharibika, pa kutafuta ni pachache. Yangu ina nobu 14 na swichi 6. Kila kilichoongezwa ni raha kwa mpigaji na ni kiungo kingine kinachoweza kulegea au kushika kutu. Kwa hiyo mpangilio wangu wa kushuku uko hivi: kwanza nobu nilivyoziweka mwenyewe, pili waya na soketi, tatu ndiyo tyubu.

Kabla hujagusa kitu

Ndani ya mashine hii kuna kapasita zinazohifadhi umeme wa volti 400 hadi 500, na zinaweza kubaki nao hata baada ya plagi kuchomolewa ukutani. Nitakayoeleza hapa yote yanafanyika bila kuitoa chesisi (fremu ya chuma yenye saketi) kwenye kasha: kwa mikono, macho, masikio, waya mbili fupi na penseli. Tyubu unaweza kuzibadilisha mwenyewe kwa kuwa zinafikiwa kwa nyuma, ila zima, chomoa, usubiri zipoe. Kioo cha tyubu kubwa kinaunguza kama pasi. Yaliyo ndani ya chesisi ni ya fundi.

Usiiwashe mashine bila spika kuchomekwa. Transfoma ya kutolea sauti inategemea mzigo wa spika. Ikikosa mzigo, volti hupanda ndani yake hadi zikatoboa insulesheni, na hiyo ni kati ya sehemu ghali zaidi. Waya wa spika uwe wa spika kweli. Waya wa gitaa una jeki ileile na kwa nje hutautofautisha, lakini uzi wake wa ndani ni mwembamba. Ukipata moto na kukatika katikati ya wimbo, mashine imebaki bila spika bila wewe kujua. Na omu za spika zilingane na soketi uliyochomeka: 4 kwa 4, 8 kwa 8, 16 kwa 16.

Igawe nusu kwa nusu

Tatizo lolote la sauti, anza hivi. Ondoa pedali zote, ondoa swichi ya mguu, ondoa kila kilichochomekwa kwenye lupu. Gitaa, waya mmoja unaouamini, amplifaya. Ukishangaa tatizo limetoweka, rudisha kimoja kimoja mpaka lirudi. Nimeshuhudia mtu akiibeba mashine ya kilo 25 hadi kwa fundi kumbe jeki ya waya wake ilikuwa imelegea skrubu.

Kama tatizo bado lipo, itumie lupu kama kisu cha kuikata mashine vipande viwili. Nyuma kuna soketi mbili, moja imeandikwa SEND na nyingine RETURN. Zote zinazotangulia SEND ni sehemu ya mbele: tyubu ndogo, chaneli, geini, toni. Zinazofuata RETURN ni sehemu ya nguvu: tyubu kubwa, transfoma, spika. Chomeka gitaa moja kwa moja kwenye RETURN. Sauti itakuwa ndogo na kavu, hilo ni kawaida, kwa sababu gitaa halina nguvu ya kutosha kuisukuma sehemu ile peke yake. Unachosikiliza ni kama tatizo lipo. Kama sauti imetulia, ubovu uko mbele. Kama tatizo limefuata, uko nyuma. Ukiwa na amplifaya ya pili, fanya pia kinyume chake: toa waya kwenye SEND uingize kwenye amplifaya ile. Kwa dakika tano umeondoa nusu ya mashine kwenye orodha ya washukiwa.

Haiwaki, au inawaka na kunyamaza

Taa haiwaki na tyubu hazina mwanga: angalia soketi ya ukutani, waya wa umeme, kisha fyuzi kuu. Taa inawaka na tyubu zina mwanga wake wa chungwa lakini hakuna sauti: angalia swichi ya standibai, ile ya kuiacha mashine na moto bila sauti (usicheke), kisha fyuzi ya pili. Mashine nyingi zina fyuzi ya umeme mkubwa wa ndani pamoja na ile kuu, na hiyo huungua mara nyingi kwa sababu tyubu kubwa moja imepiga shoti.

Badilisha fyuzi mara moja tu, kwa ileile: ampea zilezile, na kama imeandikwa T, maana yake ni ile inayochelewa kukatika, basi weka T. Ikiungua tena, acha. Kuweka kubwa zaidi ni kuigeuza transfoma kuwa fyuzi. Jaribio moja linaloruhusiwa: toa tyubu kubwa zote, weka fyuzi mpya, washa kwa muda mfupi spika ikiwa imechomekwa. Fyuzi ikidumu, mkosaji huenda ni mojawapo ya tyubu ulizotoa. Ikiungua, shida ni ya ndani.

Usisahau pia kwamba nobu nyingi huficha ukimya. Kwenye saketi ya toni ya mtindo wa Fender, ukishusha besi, midi na trebo zote hadi sifuri, sauti inapotea karibu yote. Mtoto akipita akazichezea nobu, utadhani mashine imekufa.

Sauti inazama na kurudi

Hapa ndipo nilipopoteza pesa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Soketi ya RETURN si tundu tu. Ndani yake kuna ulimi wa bati ambao, soketi ikiwa tupu, hugusa kontakti nyingine na kuiruhusu sauti ipite moja kwa moja kutoka mbele kwenda nyuma. Ukichomeka jeki, ulimi unasukumwa, njia inakatika, na sauti inalazimika kuzunguka kupitia pedali zako. Katika mashine nyingi sauti yote ya gitaa hupita juu ya ulimi huo hata kama lupu huitumii. Na usipoitumia ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hakuna jeki inayoingia na kutoka kuusugua. Vumbi na kutu nyembamba vinajenga ngozi juu ya bati. Sauti ndogo inashindwa kuipenya, sauti kubwa inaipenya. Ndiyo sababu nilipocharaza kwa nguvu sauti ilirudi; nilikuwa naipiga ile kutu kwa umeme.

Jaribio ni rahisi mno: chukua waya mfupi wa gitaa, chomeka upande mmoja SEND na mwingine RETURN. Umeuruka ule ulimi. Kama sauti imerudi na kutulia, umepata jibu. Tibu kwa kupulizia kidogo dawa ya kusafishia kontakti kwenye jeki, mashine ikiwa imezimwa, kisha ingiza na kutoa jeki hiyo mara ishirini hivi. Kidogo tu, ukiijaza dawa soketi, inachuruzika mpaka kusikotakiwa. Siku hizi naingiza na kutoa jeki pale kila mwezi hata kama sina shida. Ukiwa jukwaani, ule waya mfupi unatosha kukufikisha mwisho wa usiku.

Kama waya mfupi haukusaidia, sikiliza muda. Sauti inayopotea mashine ikishapata moto, dakika 20 au 30 baada ya kuwasha, na kurudi ikishapoa, inanukia kiungo cha lehemu kilichopasuka. Mahali pake pa kawaida ni chini ya soketi za tyubu, hasa zile zilizolehemiwa moja kwa moja kwenye bodi ya saketi: joto linapanda, bodi inatanuka, ufa unaachia. Uzito wa tyubu yenyewe na mtikisiko wa spika vinaumalizia. Kabla ya kumwita fundi, zima, ngoja ipoe, chomoa tyubu moja moja na uirudishe mara chache. Miguu ya tyubu nayo hushika kutu, na mara nyingine dawa inaishia hapo.

Mvumo

Mvumo una majina mengi na kila jina ni chanzo tofauti. Anza kwa kushusha voluma ya gitaa. Ukiisha, chanzo ni gitaa: pikapu (vinasa sauti vilivyo chini ya nyuzi) za koili moja hunasa mvumo wa transfoma na taa zilizo karibu. Geuka polepole ukiwa umeshika gitaa. Kama mvumo unapungua ukielekea upande fulani, hapo huna ubovu, una antena. Wengi wanaolalamika kwamba "chaneli chafu ina kelele" wanasikia kitu hiki, ila kimekuzwa mara nyingi zaidi.

Sasa shusha voluma ya chaneli. Mvumo ukiisha, unatoka mbele ya nobu hiyo, na tyubu ya kwanza kutoka kwenye soketi ya gitaa ndiyo ya kujaribu kubadilisha, kwa sababu kila kelele yake inakuzwa na zote zinazofuata. Mvumo ukibaki vilevile hata nobu zote zikiwa chini, uko sehemu ya nguvu. Hapo zima, toa ile tyubu ndogo ya mwisho iliyo karibu na tyubu kubwa, yaani inayoigawa sauti kwa ajili yao, kisha washa. Mvumo bado upo? Basi ni tyubu kubwa zisizolingana au ni kapasita za kuchuja umeme. Tyubu kubwa hufanya kazi kwa jozi zinazovutana, na zikilingana mvumo wa kila moja unafutwa na mwenzake. Moja ikichoka kabla ya nyingine, mfuto unaharibika.

Sikio nalo linasaidia. Mvumo mnene na laini, wa hezi 50 au 60 kutegemea umeme wa nchi, huelekea kuwa wa ethi, waya au hita ya tyubu. Mvumo mkali zaidi unaozizima kama nyuki, wa mara mbili ya hapo, huelekea kuwa wa kapasita za kuchuja. Hizo huzeeka hata zisipotumika, na mashine iliyofikisha miaka 20 na zake za kiwandani inastahili mpya bila mjadala.

Mvumo unaokuja ukiunganisha pedali mbele na nyuma kwa wakati mmoja, kwa waya nne ndefu, ni mzunguko wa ethi: vifaa viwili vimeunganishwa ethi kwa njia mbili. Vichomeke vyote kwenye soketi moja ya umeme, na pedali za lupu uzipe chanzo cha umeme kilichotengwa. Usikate pini ya ethi ya plagi. Kuna watu hufanya hivyo na mvumo unaisha kweli. Siku ubovu ukitokea, mkondo wa umeme unatafuta njia kupitia nyuzi za gitaa na midomo yako kwenye maikrofoni.

Mluzi, kengele na vitu vinavyogongana

Geini iko juu, hupigi kitu, na mashine inaanza kupiga mluzi. Shusha voluma ya gitaa hadi sifuri. Mluzi ukikoma, ni pikapu na spika vinaitana, sogea mbali. Ukiendelea, ni tyubu iliyogeuka kuwa maikrofoni: vipande vyake vya ndani vimelegea na sasa inasikia mtikisiko. Kwenye amplifaya ambayo spika na tyubu vinakaa kasha moja, huu ni ugonjwa wa kuzaliwa nao, kwa kuwa tyubu zinaning'inia nyuma ya spika inayozipiga usiku kucha.

Mashine ikiwa inawaka, gonga kila tyubu ndogo taratibu kwa upande wa raba wa penseli. Kwenye chaneli chafu zote zitatoa "tok" kidogo, hasa ya kwanza, na hiyo si hitilafu. Unayoitafuta ni ile inayoitika kama kengele na kuendelea kuimba. Usiitupe. Ihamishie mahali ambapo sauti haikuzwi sana, kwa mfano ile ya mwisho ya kugawa sauti, na ya pale uilete mbele. Tyubu ndogo nyingi za mashine hizi ni 12AX7, ambayo Ulaya inaitwa ECC83, na zinabadilishana nafasi bila kurekebisha kitu. Hakikisha tu kwamba namba ni ileile. Baadhi ya watengenezaji huweka 12AT7 kwenye nafasi fulani.

Mlio wa kugongana unaotokea kwenye noti moja tu, tuseme A ya chini, na kutoweka ukisogea feti moja, si wa umeme. Ni skrubu au kipande kilicholegea. Kwangu ilikuwa kikombe cha chuma kinachofunika tyubu ndogo. Nilikizungushia kipande cha utepe wa karatasi wenye gundi na shauri likaisha. Kuthibitisha, chomeka spika ya nje yenye omu zinazolingana: mlio ukitoweka, kitu kinachogongana kiko ndani ya kasha: spika ya ndani, boliti zake, au kitu kingine inachokitikisa.

Nobu zinazokwaruza

Nobu ikikwaruza unapoizungusha, zima na uizungushe mara thelathini mwisho hadi mwisho. Vumbi litatoka njiani. Ikirudi baada ya wiki, fundi aipulizie dawa. Ikirudi baada ya siku mbili na dawa, basi si vumbi: kapasita iliyotangulia inavujisha umeme wa moja kwa moja kwenye nobu, na dawa yote ya dunia haitasaidia.

Tyubu inang'aa rangi isiyo yake

Mwanga wa chungwa katikati ni hita, ndio uhai wake. Mwanga wa buluu unaotambaa upande wa ndani wa kioo na kucheza ukipiga ni elektroni zinazogonga kioo. Unapendeza na hauna madhara. Kioo kikiwa na doa jeupe kama maziwa mahali palipokuwa na rangi ya fedha inayong'aa, hewa imeingia, tyubu imekufa.

Rangi ya kukimbiza ni wekundu kwenye lile bati la kijivu linalozunguka vitu vya ndani vya tyubu kubwa. Likianza kuwa jekundu, hata doa dogo, zima papo hapo, usimalize wimbo. Tyubu inapitisha umeme kuliko uwezo wake, mara nyingi kwa sababu volti ya bayasi, ambayo ndiyo breki yake, imekosekana. Zima, ipoe, hamisha tyubu nafasi. Wekundu ukiifuata tyubu, tyubu ni mbovu. Ukibaki kwenye nafasi ileile na tyubu nyingine, ubovu ni wa mashine. Majaribio haya yawe ya sekunde, mkono ukiwa kwenye swichi.

Ukinunua tyubu kubwa mpya, EL34, 6L6 au nyingine yoyote ya mashine yenye bayasi ya kurekebishwa, bayasi ipimwe upya. Tyubu ndogo hazihitaji hilo.

Chaneli hazikubali kukaa pamoja

Hapa tunaacha ubovu na kuingia kwenye tabia. Mshika mbili moja humponyoka, na mbuni wa amplifaya ya chaneli mbili anaujua msemo huu kwa uchungu. Dalili: umeipata sauti safi ya kupendeza, unabonyeza swichi, na chaneli chafu inatoka na besi ya tope. Unarekebisha, unarudi kwenye safi, sasa imekuwa nyembamba kama ya redio ya mfukoni.

Angalia kwanza kama chaneli zako zinagawana nobu za toni. Kama ndiyo, hakuna kilichoharibika. Sauti safi inapenda besi nyingi na midi kidogo. Sauti chafu inataka kinyume chake, kwa sababu besi ikiingia kwenye geini kubwa inageuka tope. Nobu moja haiwezi kuwaridhisha wawili. Mimi huweka toni kwa ajili ya chaneli chafu, ambayo haisamehe, kisha naiokoa chaneli safi kwa kitu kingine: nobu ya toni ya gitaa, pikapu ya shingoni, au pedali ya toni inayowashwa kwa safi peke yake. Kufanya kinyume nimejaribu miezi, haikukubali.

Sauti safi inayochoma masikio voluma ikiwa chini, na kulainika ukiipandisha, nayo ina maelezo. Juu ya nobu ya voluma pana kapasita ndogo inayoruhusu trebo ipite pembeni, na inafanya kazi zaidi nobu ikiwa chini. Kama kuna swichi iliyoandikwa BRIGHT, izime. Kama haipo, panda na voluma ya chaneli, kisha ushushe kwa masta, yaani voluma ya mwisho ya mashine nzima.

Chaneli imegoma kubadilika kabisa: chomoa swichi ya mguu. Kwenye mashine nyingi, ikichomekwa tu, ile ya usoni inanyang'anywa mamlaka, na waya wa swichi ya mguu hukanyagwa mpaka unakatika kwa ndani. Swichi ya usoni ikifanya kazi baada ya kuchomoa, umeshajua. Angalia pia aina ya jeki. Swichi za kazi mbili hutumia jeki ya pete mbili nyeusi, na waya wa kawaida wa gitaa hautaziendesha.

Sauti ndogo inakera, kubwa inafukuza watu

Lalamiko namba moja, na swichi ya kupunguza wati hailitatui. Kutoka wati 100 kwenda 50 ni tofauti ya desibeli 3 tu. Ili sikio lisikie sauti imepungua nusu, unahitaji kushusha desibeli kama 10, yaani wati 10 badala ya 100. Swichi ile inabadilisha namna mashine inavyojibu vidole, na kwa hilo naipenda. Majirani hawataona tofauti.

Kuna na sikio lenyewe. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi zaidi ya katikati. Kwa hiyo toni uliyoipanga chumbani usiku itatoka na besi ya kupindukia kwenye mazoezi. Panga upya kwa kila kiwango cha sauti, na uandike namba.

Kama nobu ya masta inaruka kutoka kimya hadi kishindo kati ya 0 na 1, weka pedali ya voluma kwenye lupu uitumie kama masta ya pili. Sasa masta ya mashine inaweza kukaa 3 au 4, mahali inapozungushika kwa ulaini. Hii ndiyo faida ninayoithamini kuliko zote ya lupu, na haina uhusiano wowote na efekti. Vifaa vya kufyonza nguvu, vinavyokaa kati ya amplifaya na spika, navyo vipo. Vilingane omu na viwe vya wati za kutosha, na ujue kwamba tyubu kubwa zinafanya kazi ya jukwaani hata kama wewe unasikia ya chumbani.

Pedali kwenye lupu

Pedali ya diley (ya kurudia sauti) inachafuka ikiwa kwenye lupu na kusikika vizuri ikiwa mbele? Lupu inatoa sauti ya nguvu kuliko ile pedali ilivyozoea kutoka kwa gitaa. Tafuta swichi ya kiwango nyuma ya mashine uishushe, au punguza masta ya chaneli ikiwa inatangulia SEND.

Sauti ikiwa nyembamba na yenye mzunguko kama maji kwenye bomba, huenda lupu yako ni ile inayochanganya sauti kavu na ya pedali sambamba. Pedali nayo inapitisha sauti kavu, zinagongana. Zungusha mchanganyiko wa lupu hadi mwisho, au uizime sauti kavu kwenye pedali. Kwa lupu ya namna hii, tyuna (pedali ya kulinganishia nyuzi) iliyowekwa humo haitakunyamazisha. Hilo utaligundua mbele za watu kama nilivyoligundua mimi.

Mwangwi wa springi umekufa

Weka nobu ya mwangwi katikati, uinue kasha kidogo upande mmoja na uliachie, taratibu. Ukisikia ngurumo, springi na njia ya kurudi ni nzima, na ubovu uko kwenye njia ya kupeleka sauti kwenye springi. Usiposikia kitu, anza na njia ya kurudi. Vyovyote vile, chomoa zile plagi mbili ndogo kwenye boksi la springi, zisugue, zirudishe. Mwangwi wenye mvumo mara nyingi ni boksi lililogeuzwa: upande wa kutolea sauti umekaa karibu na transfoma ya umeme. Ligeuze.

Ukimpelekea fundi

Usimwambie "inasumbua". Mwambie inasumbua baada ya dakika ngapi, kwenye chaneli ipi, nobu ipi ikizungushwa inabadilika na ipi haibadilishi kitu, na kama ule waya mfupi wa SEND kwenda RETURN ulisaidia. Peleka na waya wa spika wako, na swichi ya mguu. Ndani ya kasha langu nimebandika karatasi yenye tarehe niliyobadilisha tyubu kubwa, aina ya fyuzi, na mpangilio wa tyubu ndogo kutoka kulia kwenda kushoto. Na fyuzi iliyoungua usiitupe, mpe mkononi: iliyokatika uzi katikati tu huenda ilichoka, lakini ambayo kioo chake kimepakwa weusi na madoa ya fedha ilipigwa na shoti kubwa, na fundi akiiona hataiwasha mashine kabla ya kupima tyubu kubwa.